Kiti cha Dereva na Mama Mkwe, Mpanda hadi Karema

Tangu nirudi kutoka Karema, kila anayepita kibarazani kwangu anachungulia ndani ya gari, anakishika kiti cha dereva, anakitikisa, halafu anauliza, "Fundi, hizi ngozi za ng'ombe ni mtindo gani?" Nimeacha kushona mara ngapi nikieleza! Leo nasimulia nusu, kesho robo, na sasa kila mtu ana safari yangu ya kwake. Wa mtaani kwetu Ilembo wanasema nilipinduka. Wa Misunkumilo wanasema nilimlalia mama mkwe mapajani. Sikupinduka. Hilo la pili nitalieleza, maana lina ukweli kidogo. Nimeona niandike yote mara moja, asomaye amsomee mwenzake, nami niendelee na suruali za watu.

Ilembo, alfajiri

Barua ililetwa na dereva wa lori la dagaa. Ilitoka kwa binti wa Mzee Kasanda, kaka yake mama mkwe. Walizaliwa sita, walikuwa wamebaki wawili. Mzee huyu aliondoka kwetu Inyonga akiwa kijana, akaenda Karema kutengeneza milango na mabenchi ya misheni, akaoa hukohuko, akazeekea hukohuko. Dada yake hakuwa amemwona kwa miaka kumi na minne. Barua ilikuwa fupi: "Shangazi, baba hali tena chakula. Anakutaja wewe tu. Kama unakuja, usingoje."

Mama mkwe alikuwa nyumbani kwangu hapa Ilembo, amekuja kumhudumia mke wangu aliyejifungua. Aliposomewa ile barua alikunja kanga zake mbili, akaziweka kwenye kikapu, akakaa mlangoni. Lori lilikuwa halirudi Karema mpaka wiki ijayo. Mwenye gari ni mimi.

Gari langu mnalijua. Injini nzima, taa nzima, ugonjwa wake ni kiti cha dereva. Kinatembea juu ya reli mbili zenye meno, na yale meno yamelika kama ya mbuzi mzee. Hapa mjini ukifunga breki kinasogea mbele kidogo, ukiondoka kinarudi nyuma kidogo, unazoea. Nilikipeleka kwa fundi mmoja Misunkumilo, akataka siku mbili akichomelee. Nikamwambia sina hata moja. Akachonga kabari ya mninga, akaigongomelea nyuma ya reli, akaifunga kwa mpira wa tyubu. "Hii ni ya kutembelea tambarare," akaniambia. "Milimani usiiamini." Nilimjibu ndiyo, ndiyo, huku nimeshawasha gari. Kwa hiyo asilaumiwe.

Sasa nieleze jambo moja kwa wale ambao wakwe zenu mnakula nao sahani moja. Sisi Wakonongo mama mkwe hatumkaribii. Humwangalii usoni, humgusi, huli mbele yake, na mkiwa na la kuambiana linapita kwa mtu wa tatu. Siyo ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi na mama mkwe tulikuwa tumeishika miaka kumi na moja bila kuvunja hata ukingo. Tulipanga shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akae mbele awe anatupokezea maneno yetu. Alfajiri ile akaamka anatetemeka kwa malaria. Mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Tukabaki mimi, mama mkwe, na kuku jike mwekundu aliyekuwa zawadi ya mgonjwa.

Mama mkwe aliingia nyuma, akakaa sawasawa mgongoni kwangu ili nisimwone. Nami nikageuza kile kioo cha kuangalia nyuma, kikatazama paa. Tulipopita nyumba za mwisho nikasikia sauti yake ndogo.

"Wewe kuku, mwambie dereva mlango wa huku haujafunga."

Nikasimama, nikaufunga, nikarudi kwenye usukani. "Kuku," nikasema, "mwambie mama nimeufunga."

Tukaendelea hivyo. Nakiri kwamba kuku alifanya kazi nzuri kuliko shemeji, maana hakuongeza neno.

Kilima cha kwanza

Saa tatu asubuhi tulifika kwenye kilima ambacho mvua za mwaka jana zilikichimba katikati. Niliingia gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta. Tulipofika nusu nikasikia kitu kimelia "ta!" chini yangu. Kabari ilikuwa imechomoka. Kiti kikarudi nyuma mpaka mwisho wa reli, halafu kikazipita reli, kikalala chali na mimi juu yake.

Miguu yangu ilikuwa hewani. Mikono ilikuwa haishiki kitu. Gari likaguna, likazimika, likaanza kurudi kinyumenyume lenyewe. Kuku alipiga kelele za mwisho wa dunia. Nilipapasa, nikaikuta breki ya mkono, nikaivuta, na gari likaegemea kwenye ukingo wa majani, likatulia. Hapo ndipo nilipotambua kichwa changu kimelala wapi. Juu yangu, kichwa chini miguu juu, nilikuwa nautazama uso wa mama mkwe.

Alijifunika kanga haraka. Kisha, kutoka ndani ya kanga, kwa utulivu kabisa:

"Kuku, mwambie dereva atoke mapajani kwangu."

Nilitoka kama niliyemwagiwa maji ya moto. Nikaenda mbele ya gari, nikasimama nimempa mgongo, naona aibu mpaka masikio yanawasha. Yeye akashuka, akaenda nyuma ya gari, akasimama naye amenipa mgongo. Tulikaa hivyo muda mrefu, kila mmoja akichunguza miti ya upande wake.

Hivyo ndivyo alivyotukuta Nestori, Mrundi wa Katumba, akisukuma baiskeli yenye gunia la maharage anayopeleka kwa wavuvi. Alitutazama mimi, akamtazama mama, akaegesha baiskeli.

"Mama," akasema, "mwana akikosa, mzazi anasamehe."

Nilitaka kumweleza. Lakini ningeanzia wapi? Kabla sijapata neno yeye alishavua kofia.

"Mimi nilikosana na mama yangu," akaendelea. "Ilikuwa kitu kidogo tu, shamba. Akafa hatujasemezana. Kila Jumapili naenda kaburini naomba msamaha, hajibu. Nyie bado mko hai wote wawili. Tuombe."

Akaomba, sala ndefu, katikati akaingiza Kirundi. Nilitazama chini. Nilikuwa nataka kucheka, na nilikuwa namhurumia, vyote kwa pamoja. Aliposema amina, mama mkwe akaitika amina kwa sauti, akamwambia, "Nimemsamehe, baba. Asante."

Nestori alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya: alifungua mipira miwili iliyoshika gunia lake, akanisaidia kukirudisha kiti na kukifunga. Gunia akalishikilia kwa kamba ya katani aliyokuwa amejifunga kiunoni. "Hii itawafikisha kwa Wasukuma," akasema. "Pale mbele, mkiona zizi kubwa. Wale wanajua kufunga." Nilipowasha, alisukuma gari mpaka likatoka kwenye majani, akabaki nyuma yetu ndani ya moshi akipunga mkono. Tangu siku ile sijamwona. Ukimjua mwambie maombi yake yalipokewa, ila watu walikuwa sio wenyewe.

Kwa Mama Kabula

Zizi kubwa tuliliona. Mwenye mji alikuwa machungani na ng'ombe, tukapokelewa na mkewe, Mama Kabula, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mtu anayekamua kila siku. Tuliamkiana "mwangaluka", maana Kikonongo na Kisukuma hapo vinapatana. Aliona nimesimama huku, mama kasimama kule, akauliza mara moja tu:

"Mkweo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yeye aje ndani na mimi. Wewe kakae upande wa zizi."

Sikuhitaji kueleza zaidi. Baada ya Nestori, ningeweza hata kumkumbatia.

Alikuja kukiona kiti. Alikivuta, akakiinua, akakiangalia chini kama mtu anayekagua kwato. Mimi nilikuwa nimeshatoa spana zangu. Akacheka.

"Weka hizo. Hapa chuma kimeshakufa. Hiki kinataka kufungwa."

Akaleta kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe zilizokuwa zimelowekwa kwenye karai, laini, zinateleza, harufu yake mniruhusu nisiieleze. Kumbe ndizo wanazofungia mipini ya majembe na miguu ya vigoda. Alizipitisha kwenye matundu ya sakafu, yale ambayo kutu imenitobolea bure, akazizungusha kwenye reli na kwenye chuma cha kiti, akaweka mguu wake pale ninapokalia, akavuta. Mimi na shemeji yake, kijana aliyekuwa amebaki pale nyumbani, tulivuta upande wa pili. Jasho lilitutoka. Alipofunga fundo la mwisho niliingia nikae, akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Karema, mama. Tumeshachelewa."

"Ngozi haijakauka. Ukikaa sasa unailegeza. Ikikauka inajivuta yenyewe, hata kifaru hakitoi. Iache jua liifanyie kazi."

"Mpaka saa ngapi?"

"Kesho, jua likisimama utosini."

Hapo hasira yangu mnayoijua ikapanda. Nikamwambia kuna mtu anakata roho Karema, nikamwambia habari za barua, nikamwambia siku nzima kwa ajili ya kiti ni wendawazimu. Hakupandisha sauti. "Ndo maana nataka mfike," akasema. Nilikuwa bado nabisha niliposikia sauti ya mama mkwe kutoka nyuma ya mlango.

"Kuku, mwambie dereva nimengoja miaka kumi na minne. Kesho siyo mbali."

Nikaokota spana zangu, nikazirudisha garini. Mwenye kaka ni yeye.

Walitupatia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, ugali, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mimi nilikula nyuma ya kihenge cha nafaka ili mama asinione, nikala kupita kiasi, maana huko hakuna aliyekuwa akinihesabia matonge. Mwenye mji aliporudi na koti lililochanika mgongo mzima, nilitoa sindano yangu nikamshonea, akalivaa hapohapo na joto lile. Jioni nilimwona mama mkwe amekaa peke yake nje ya uzio, ametazama upande wa magharibi, mikono ameifumbata kifuani. Hakuwa analia. Nilitamani kumwambia neno na sikuwa na haki ya kulisema.

Kesho yake adhuhuri nilikikalia kiti, nikakitikisa kwa nguvu zangu zote. Hakikwenda popote. Zile ngozi ziligeuka ngumu kama mbao. Niliwashukuru, na Mama Kabula akanipa onyo moja: "Maji tu. Isiguswe na maji." Mama mkwe akamshika kuku mwekundu kwa miguu, akamkabidhi. Kwa wema ule, angempa nini kingine? Sikujua mpaka tumeondoka kwamba tumemtoa mkalimani wetu.

Mtoni

Tulisafiri kimya. Sikuwahi kujua kimya kinaweza kujaa ndani ya gari hivyo. Mama mkwe akaanza kutumia kikohozi. Kimoja, nikadhani nipunguze mwendo, nikapunguza. Viwili, nikadhani amechoka, nikasimama, akashuka kidogo, akarudi. Nikajiona nimeshaijua lugha.

Tukafika kwenye mto ambao haukauki hata kiangazi, lakini ulionekana mdogo tu, maji ya kufika kifundoni. Nilipopunguza gia mama akakohoa. Akakohoa tena. Halafu vikohozi vitatu mfululizo. Nikasema moyoni, masikini, ana haraka na kaka yake. Nikakanyaga.

Katikati palikuwa na shimo. Maji yaliingia kwa matundu yaleyale ya sakafu, yakanifika kwenye miguu, yakakilamba kiti chote chini. Injini haikuzima, Mungu ni mwema, tukapanda ng'ambo tukitiririka. Nikasimamisha gari, nikainama, nikashika ngozi. Ilikuwa laini kama utumbo.

Niliegemeza kichwa kwenye usukani. Nilijua nimefanya nini. Jua lilikuwa limeshapinda, kukausha upya ni siku nyingine nzima, na mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu wa kuingia ziwani.

"Baba Salome."

Hakuna kuku. Alikuwa ananiita mimi. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kusikia jina langu mdomoni mwake.

"Naam, mama," nikajibu bila kugeuka.

"Nilikohoa ushuke upime maji."

"Nilidhani unaniharakisha, mama."

Akafungua kikapu chake. "Leo hatulali njiani," akasema. "Kaa vizuri, unyooshe mgongo."

Akachukua kanga yake moja, akaipitisha kifuani kwangu na nyuma ya kiti, akaizungusha kiunoni kwake mwenyewe, akakaza. Lilikuwa fundo la mbeleko, lile la kumfunga mtoto mgongoni. Nilihisi mikono yake mabegani kwangu inapima kama imekaza. Siku ya kutoa mahari nilipeleka kitambaa cha mbeleko yake kama desturi inavyotaka, na nilidhani nimelimaliza deni hilo la heshima. Niliingiza gia ya kwanza, nikaachia breki.

Mteremko wa Karema

Kiti kiliposogea mbele, alijitupa nyuma kwa uzito wake wote na kukivuta. Penye mwinuko kiliporudi, alikizuia kwa miguu miwili. Mwanamke huyu ana zaidi ya miaka sitini. "Breki polepole," alikuwa akisema. "Sasa. Achia. Sasa tena." Nilimtii kama sijawahi kumtii mtu.

Tulipoliona ziwa chini yetu, jeupe kwa jua la jioni, akanena kitu kingine, kwa sauti ya chini karibu na sikio langu.

"Baba Salome, kama tumechelewa usinipeleke nyumbani kwake. Nipeleke kaburini kwanza. Sitaki kuambiwa na watu."

"Sawa, mama."

"Na usijilaumu kwa maji."

Hapo nililia. Nilikuwa nimefungwa, mikono iko kwenye usukani, siwezi hata kujifuta. Yeye alivuta tu kanga tulipofika kwenye kona.

Uani kwa Mzee Kasanda

Tuliingia uani saa kumi na moja. Watu walikuwa wengi, wamekaa kwenye mikeka, na hakuna aliyekuwa akizungumza. Mnajua maana ya ua wa namna ile. Binti wa mzee alitoka mbio, akamshika shangazi yake mkono, wakaingia ndani bila kuamkiana. Mimi nilibaki kwenye gari, mbali, panaponipasa. Mtu akaniletea maji ya kunawa, sikuyagusa.

Wakati ulipita. Halafu kutoka ndani ikapanda sauti ya mwanamke, kali, imekatika katikati, ikapanda tena. Wanawake waliokuwa uani wakasimama wote kwa pamoja. Mmoja akaweka mikono kichwani. Nilishika paa la gari. Nikawaza siku moja tuliyolala kwa Mama Kabula, nikawaza shimo la mtoni ambalo mtu mwenye akili angelipima kwa fimbo. Nilijiambia, umemchelewesha wewe.

Binti akatokea mlangoni amejiziba mdomo kwa mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Baba amefumbua macho," akasema. "Amemtazama shangazi, akamuuliza, 'Kalunde, nani amekuzeesha hivi?'"

"Na shangazi?" mtu akauliza.

"Si mnamsikia? Anacheka."

Mzee Kasanda aliishi siku tisa baada ya hapo. Alikunywa uji aliopikiwa na dada yake, na dada yake ndiye aliyemfumba macho. Lakini jioni ile sisi hatukuyajua hayo. Miaka kumi na moja nilikuwa sijapata kumsikia mama mkwe akicheka, kwa sababu mbele ya mkwe hakuchekwi, na kumbe ana kicheko cha msichana, cha juu, kisichojua kujificha. Kikaungana na kingine, kikavu na chenye kikohozi, cha mzee aliyelala. Niliketi chini palepale kwenye vumbi, nikaegemea gurudumu, nikawasikiliza mpaka uji ulipoletwa.